Meno Arobaini Mbele, Ishirini Nyuma

Mdogo wangu Bertin alikuwa na mguu mmoja na baiskeli moja, na kwa vitu hivyo viwili alitakiwa amrudishe mke wake nyumbani. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza baadaye kwa nini tulifanya wazimu tulioufanya.

Mguu wa kushoto uliishia katika kishimo cha mawe ya chokaa upande wa Kakontwe, kishimo kidogo cha watu wanaojitafutia, kisicho cha kampuni yoyote. Jiwe liliteleza likamlalia, na madaktari wakakata juu ya goti. Kabla ya hapo Bertin alikuwa mtu wa kukuchosha kwa kumtazama tu: asubuhi anapasua mawe, jioni yuko uwanjani na mpira, Jumapili anaimba kwaya kwa sauti yake mbaya bila aibu yoyote. Baada ya hapo alikaa kwenye kiti cha plastiki nyumbani kwangu, akitazama ukuta. Mimi ndiye dada yake mkubwa, Berthe, yaya kama anavyoniita, nauza nyanya na samaki wadogo sokoni, na sina subira na watu wanaotazama kuta. Lakini huyu nilimwacha atazame. Nilimwogopa.

Mke wake, Laure, alimuuguza, na sitaki kumnyima haki yake: alimsafisha kidonda, alimbeba mpaka msalani, na sikumsikia akilalamika. Kisha siku moja baba yake, mzee Mathieu, akaja kutoka Mulungwishi. Alimtazama binti yake, akasema amekonda, aende kwao apumzike kidogo, yeye na mtoto wao Jeancy. Hiyo kidogo ikala msimu mzima wa mvua. Tukipiga simu, anayepokea ni mzee, na Laure daima ameenda mtoni au kanisani. Mwishowe mzee akatoa la moyoni. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, nami nilisikia kila neno.

"Bertin, sikia muzuri. Miye sikuoleshaka mutoto yangu juu akuwe infirmière, mutu wa kuuguza. Kama uko bwana yake, ukuje weye mwenyewe. Hapana mu gari, hapana ku moto, mutu asikubebe, mutu asikushike. Ukifika mu lupango yangu vile, utamutwala. Ikipita Pasika haujafika, iko mutu mungine anamulomba."

Moto kwetu ni pikipiki, na lupango ni ua wa nyumba. Mzee alijua vizuri alichokuwa akisema. Kutoka Likasi mpaka Mulungwishi ni kilomita thelathini na zaidi, na mtu wa magongo angechubuka makwapa kabla hata hajatoka mjini. Hakukataa kumrudisha binti, la, aliweka sharti tu, sharti ambalo mbele ya watu lingemfanya aonekane mzazi mwenye akili. Tangu siku ile nilimchukia, na nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Jioni yake simu ikalia tena. Ilikuwa namba nisiyoijua, na sauti ya Laure, ya chini, ya mtu aliyejificha mahali.

"Bertin, kuya. Fanya yote, kuya," alisema, yaani njoo, kisha simu ikakatika.

Asubuhi iliyofuata kile kiti cha plastiki kilikuwa kitupu. Nilimkuta Bertin nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta, anaivuta baiskeli yake ya zamani kutoka kwenye magugu. Nilitaka kumwambia asijiue. Nikamletea chai.

Fundi wetu ni Elie, aliyesoma na Bertin shule ya msingi. Ana kibanda kando ya barabara, vipande vya baiskeli vimening'inia kila mahali, na mdomo haufungi. Elie ana maoni kuhusu serikali, kuhusu kupika samaki, kuhusu ndoa za watu ilhali yeye mwenyewe hana hata mchumba. Aliposikia habari alipiga kifua, akaonyesha baiskeli, ambayo huku tunaiita kinga.

"Hii kazi ni ya miye. Kinga moya, muguu moya, njia moya. Nini iko nguvu pale?"

Nguvu, yaani ugumu, ilikuwa kwenye kile wanachokiita plato, yaani gurudumu la meno la mbele, pale miguu inapozungusha. La nyuma, dogo, huitwa pinyo. Baiskeli ya Bertin haina gia za kubadilisha. Ukishachagua plato na pinyo umeoa, utapanda nazo na kushuka nazo. Plato kubwa hukupeleka mbali kwa kila mzunguko, lakini mlimani mguu unalia. Plato ndogo hupanda vizuri, lakini kwenye tambarare unazunguka kama mashine ya kushona nguo na husogei. Hayo nimejifunza kwa kukaa pale kibandani na beseni langu la nyanya. Nisingeweza kukaa sokoni na moyo ule.

Wanaume wa huku, hasa waliowahi kubeba magunia ya makala, yaani makaa, kwa baiskeli, hupimana kwa ukubwa wa plato. Mwenye plato ndogo huchekwa, eti anaendesha kinga ya bibi yake. Basi hawa mabwana wawili, mmoja hana mguu na mwingine hana akili, waliibakiza ile ile ya zamani, meno arobaini na manane, kwa pinyo ya kumi na nane. Bertin alisema hawezi kufika kwa wakwe zake na plato ya mwanamke. Elie akaafiki kwa kichwa kama mchungaji.

Bertin alijisukuma kutoka ukutani. Mguu wa kulia ukakanyaga, baiskeli ikaenda, Elie akapiga makofi. Kisha pedali ikafika chini, ikabaki chini. Mtu wa miguu miwili hajui kwamba mguu mmoja ndio unaoupandisha mwenzake. Bertin alikuwa na wa kukanyaga, hakuwa na wa kupandisha. Alianguka upande wa kushoto, juu ya kile kisiki cha paja, na damu ikatoka pale ambapo tulidhani pamekwisha kupona.

Hakulia. Ningefurahi angelia. Alilala pale kwenye vumbi akasema, "Yaya Berthe, Laure anangoya na miye minalala chini."

Elie hakulala usingizi, nadhani, maana kesho yake alikuja na jibu. Pinyo ya kawaida ina uhuru: ukiacha kukanyaga, gurudumu linaendelea na miguu inapumzika. Elie aliipeleka kwa mchomeleaji, ikaunganishwa kabisa na gurudumu. Sasa gurudumu likizunguka, pedali lazima izunguke, upende usipende. Baiskeli yenyewe ndiyo itakayompandishia mguu. Na kwa kuwa damu ilikuwa imewatia adabu, walikubali plato ndogo kabisa, meno thelathini na sita, na pinyo ya ishirini.

Ilipanda. Tuliona kwa macho yetu kwenye mteremko wa nyuma ya kituo cha treni; Bertin alipanda mpaka juu, polepole, akitoa sauti kooni. Nilipiga kigelegele na wanawake wa pembeni wakanisaidia bila kujua sababu. Kisha akageuka kushuka. Gurudumu likashika kasi, pedali ikashika kasi, na ile plato ndogo ikamzungusha mguu mpaka hatukuona mguu, tuliona kivuli tu. Unyayo ukaruka, pedali ikamgonga muundi, akaenda mtaroni.

Safari hii tulimbeba. Usiku nilimsikia akizungumza na mtu chumbani, nikadhani anasali. Alikuwa anamwomba Laure msamaha.

Wiki Takatifu ilikuwa imeingia. Elie alipanga plato zake zote kwenye mkeka, akaanza hotuba: hii ina faida hii, ile ina hasara ile, labda thelathini na nane, labda arobaini na nne. Bertin alizishika moja moja, akizipima mkononi, uso wake umekonda mpaka nilimwona baba yetu marehemu ndani yake. Akaichukua ya arobaini.

"Hii, na pinyo ya makumi mbili."

"Ku mulima itakuumiza," Elie akasema.

"Najua."

"Na ku kushuka itakuumiza."

"Elie, ile kubwa inaniua ku kupanda. Ile kidogo inaniua ku kushuka. Minataka ile itaniumiza fasi zote, lakini haitaniua fasi hata moya."

Unyayo waliufunga kwenye pedali kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, usiruke tena. Kwa hiyo sasa Bertin aliweza kuanza, akijisukuma kutoka ukutani au kwenye mti, na aliweza kwenda. Ila kusimama peke yake hakuweza. Mguu wa kuweka chini umefungwa, na upande wa pili hakuna mguu. Alijaribu kushika gongo mkononi ili alichomeke ardhini. Likamrusha kama gunia. Kwa hiyo kila akitaka kusimama lazima akumbatie kitu: mti, nguzo, ukuta. Mtu hapana, maana mzee alisema mtu asimshike, na Bertin alilichukua neno lile kama neno la misa.

Nilimwambia afungue ule mpira kwenye mti wa mwisho, barabarani, kisha aingie kwa wakwe na magongo. Alinitazama kwa huruma.

"Yaya, nikiingia na mafimbo, atasema moto ilinishusha pa kona. Inafaa anione yulu ya kinga."

Alisema kweli. Mzee Mathieu ni mtu wa namna hiyo. Kwa bahati, Bertin alikumbuka mti wa parachichi katikati ya lupango ule, mti ambao aliwahi kuuegemea siku zile za kumchumbia Laure. Angeingia, angeukumbatia, angesalimu. Mpango ukaisha hapo.

Jumamosi ya Pasika walianza mapambazuko. Elie alimfuata nyuma kwa baiskeli yake, ameapishwa asimguse hata bega. Ya njiani nimesimuliwa na Elie, na safari hii namwamini, maana alisimulia kwa maneno machache. Malori ya madini yanayokwenda Kolwezi yaliwapita yakiwamwagia vumbi na upepo, na Bertin akiyumba pembeni ya lami. Alikumbatia miti. Alikumbatia kibao cha barabarani. Kwenye mlima mrefu alipiga mayowe kila pedali ilipofika juu, na mteremkoni alibana breki ya mbele mpaka mpira wa breki ukanuka. Mahali fulani dereva aliyesimamisha lori lake alimwona anavyohangaika, akakimbia kumshika tandiko kwa wema wake. Bertin alimfokea, "Usinishike! Usinishike, nakulomba!" huku machozi yakimtiririka. Dereva akarudi nyuma mikono juu, akidhani amekutana na kichaa.

Mimi nilitangulia kwa gari, na gari likaharibika, kwa hiyo nilitangulia kidogo tu. Niliwakuta wamekaa barazani: mzee Mathieu na ndugu zake, viti vimepangwa ukuta mzima. Laure alikuwa mlangoni nyuma yao, Jeancy mikononi, macho yamevimba. Walinisalimu kwa adabu, nikaitikia kwa adabu. Ndipo nikageuka kutazama mti.

Hapakuwa na mti. Palikuwa na kisiki cha usawa wa goti na ua uliofagiwa vizuri.

"Parachichi iko wapi?" niliuliza.

"Tulikata. Tulichoma makala," ndugu mmoja akajibu.

Nilipiga simu ya Elie, imezimwa. Nikatoka mbio mpaka langoni, na hapo hapo nikamwona Bertin anakuja kwenye njia ya udongo. Uso ulikuwa na rangi ya majivu, chumvi ya jasho imemchora mashavu, na goti lake lilikuwa linatetemeka hata likiwa linazunguka. Alikuwa anacheka. Masikini ya Mungu, alikuwa anacheka.

"Muti haiko!" nilipiga kelele. "Bertin, balikata muti!"

Hakuna alichoweza kufanya. Njia ilikuwa inashuka kidogo, pedali inamvuta, akanipita na kuingia. Kuku walitawanyika. Alikitazama kile kisiki, akatazama ukuta wa nyumba, na ukuta wote ulikuwa na wakwe. Akaanza kuzunguka ua.

"Papa Mathieu, yambo," alisema akipita mbele ya baraza. "Minafika. Miye moya."

"Minakuona," mzee akajibu. "Basi, shuka tusalimiane."

Bertin akazunguka tena.

"Siwezi kushuka, papa. Bananifunga muguu."

"Na mutu mwenye hawezi kushuka ku kinga, atamuchunga bibi namna gani?"

Ndugu zake walitazama chini. Hakuna aliyeinuka. Laure alimweka mtoto sakafuni, akapiga hatua, na mzee akainua kidole bila hata kugeuka.

"Laure. Ukimushika, ameshindwa."

Akasimama pale pale. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya lango kwa mikono miwili ili nisikimbie. Sijawahi kujizuia jambo gumu kama lile. Kila alipopita karibu nami nilisikia pumzi yake, nami ningeweza kunyoosha mkono tu. Elie alifika, akaona, akaficha mikono yake nyuma ya mgongo. Bertin alizunguka. Mduara ukawa mdogo, baiskeli ikaanza kuyumba. Alikuwa anainamia kushoto, upande wa kidonda, ambako palikuwa na changarawe. Alikuwa anamtazama Laure tu, kama mtu anayeaga.

Hapo ndipo mama yake Laure, Mama Germaine, alipotoka jikoni.

Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawaonani. Hawali pamoja, hawashikani mkono, wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Ndiyo maana tangu tufike mama huyo alikuwa amejifungia kwenye moshi wake, kama inavyopasa. Sasa alikuja ametupa kitambaa kichwani, uso ameugeuzia upande wa jikoni, akatembea kwa kunyata mpaka katikati ya ua, akafungua mikono. Baiskeli ikamgonga. Alimshika Bertin kiunoni, akapepesuka, hakuanguka, na uso bado kaugeuza.

Mtu angechinja mbuzi kanisani, watu wasingeshtuka vile.

"Mama Laure!" Mzee Mathieu alikuwa amesimama. "Unamushika mukwe? Mbele ya ndugu zangu? Basi ameshikwa. Ameshindwa."

"Nani alimushika?" Mama Germaine akauliza.

"Weye!"

"Miye? Huyu haniangaliake ku uso tangu siku ya harusi. Akifika, miye minaingia mu moshi. Akiamukia batu, jina yangu hatayake. Njo vile mulitufundisha. Kwa huyu mutoto, miye siko. Sasa mutu mwenye haiko, anaweza kushika mutu namna gani?"

Mmoja wa ndugu alianza kucheka, akajizuia. Nilimwona mzee anavyopiga hesabu. Akisema mkewe amemshika mkwe, aibu ni ya nyumba yake, na ndugu zake wote ni mashahidi. Akisema hakumshika, basi Bertin alifika.

"Hakuna mutu alimushika," akasema, akaingia ndani.

"Laure, fanya mbio," Mama Germaine akaita. "Huyu iko muzito."

Laure alikuja mbio, akapiga magoti kwenye changarawe, akaanza kuufungua ule mpira kwa meno maana vidole havikumtii. Bertin alikuwa ameangusha kichwa begani kwa mama mkwe wake, analia kwa sauti, na macho ameyafumba kabisa, kwa heshima.